Kutu Yenye Nyumba Mbili

Habari hii alinisimulia Bi Kutu mwenyewe, mwaka juzi mvua ndefu zilipokatika, wiki ile aliyokuja kukaa kwangu baada ya kung'olewa gego. Shavu lilimvimba kama aliyeficha limau mdomoni, lakini ulimi haukuvimba. Alisema mpaka chai ikapoa. Mimi nimetia chumvi kidogo tu, na nilipotia anapajua yeye.

Jina la Bi Kutu hakupewa na mama yake. Alipewa na watu wa kazini, na likamganda kama gundi. Kutu aliyoishughulikia si ile ya jembe lililosahauliwa mvuani. Ni ugonjwa wa mimea, kuvu ndogo mno inayoingia ndani ya jani au bua, ikala humo kimya, kisha ikapasua ngozi na kutoa vumbi jekundu au la rangi ya chungwa. Ukipitisha kidole, utadhani umeshika bati kuukuu. Iko ya maharage, iko ya kahawa, iko ya mahindi, iko hata ya nyasi ambazo mbuzi mwenyewe huzipita. Kwa macho yangu na yako zote ni kutu, basi. Kwa macho ya Bi Kutu kila moja ilikuwa na ukoo wake, na kazi yake ilikuwa kusema hii ni ya ukoo gani.

Chumba chake pale kituo cha utafiti wa kilimo kilikuwa mwisho wa korido, ukishapita choo. Kulikuwa na kabati za mbao toka sakafuni hadi darini, zimejaa bahasha za majani makavu, na harufu ya vidonge vya kufukuzia nondo iliyomfanya kila mgeni apige chafya kabla ya kusalimu. Mezani palikuwa na hadubini, taa, sindano na brashi laini ya manyoya. Mtu akileta jani, Bi Kutu alikwangua vumbi kwa ncha ya sindano, akaliweka juu ya kioo na tone la maji, akainama. Akiinuka alikuwa na jibu, au alisema, "Sijui bado." Neno hilo Mkuu wa kituo alilichukia kuliko panya wa ghalani.

Sasa shika jambo moja, maana ndilo linalobeba hadithi yote. Ziko kutu ambazo ni kama mwanamume mwenye nyumba mbili. Msimu huu yuko kwa mke mmoja, ngano, amevaa nyekundu. Msimu mwingine yuko kwa mke wa pili, ambaye si ngano hata kidogo, ni kichaka cha miiba chenye mti wa manjano ndani, na huko habishi hodi na nguo zilezile. Huko huvaa vikombe vidogo vya rangi ya chungwa, chini ya jani, vimepangana kama vikombe vya chai kwenye sinia. Asiyejua ataapa kuwa ni wanaume wawili. Lakini kichaka chenyewe nacho si mke wa mtu mmoja. Hukaribisha na kutu nyingine, za nyasi mwitu, nazo zikiwa pale huvaa vikombe vinavyofanana na hivyo. Kumjua ni nani aliyemo ndani kwa kuona vikombe tu, hiyo ndiyo kazi iliyowazeesha watu.

Mwaka huo ngano ilishikwa. Mabua yalipasuka malengelenge mekundu, na ukipita shambani suruali ilitoka imepakwa kama umefinyanga matofali. Wakulima walikuja kituoni wakiwa wameshika mabua mkononi kama watu walioleta mwizi. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kichwa kikubwa, sauti ndogo, na shida ya kutopata usingizi tangu msimu uliopita, watu walipovuna makapi. Alimwita Bi Kutu akamwambia, "Mama, kando ya mashamba kuna nyua za ule mwiba wa manjano. Nimeona vikombe. Niambie ni kutu ya ngano au siyo."

Bi Kutu akafanya jaribio. Alichuma majani ya ua yenye vikombe, akachukua vumbi lake kwa brashi, akalipaka kwenye miche ya ngano safi ndani ya banda la vioo. Miche mingine hakuipaka kitu, aliiweka kona ya pili, ya kulinganishia, na akajikataza kuisogelea. Baada ya wiki mbili hivi ile iliyopakwa ikatoa malengelenge mekundu. Ile ya kona ikabaki kijani. Ushahidi ukakamilika, akasema, "Ndiyo, ni ya ngano." Na Mkuu akatangaza kwamba kila ua wa mwiba ule ulio karibu na shamba la ngano utang'olewa kwa trekta.

Kituo kile kilikuwa na desturi yake, toka enzi za wakuu waliokwisha kuzikwa. Hakuna mmea wa mtu unaong'olewa mpaka mtaalamu wa kutu aufikie mwenyewe, aone ugonjwa kwa macho yake, kisha afunge kitambaa chekundu kwa mkono wake. Trekta halikuangalia mwenye ua. Liliangalia kitambaa.

Na ua wa kwanza kabisa kwenye njia ya trekta ulikuwa wa Shangazi.

Shangazi ndiye aliyemlea Bi Kutu tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na mpaka siku hizo walikaa nyumba moja. Alikuwa mfugaji nyuki. Ua wake ulizunguka kiwanja chote, mrefu kupita kichwa cha mtu, na ukichanua maua yake madogo ya manjano nyuki walikuwa wakivuma mpaka ndani ukasikia. Lakini nyuki si jambo kubwa. Jambo kubwa lilikuwa jirani wa upande wa pili, Mzee Hatua. Huyu aliitwa hivyo kwa sababu alipima ardhi kwa miguu, na hatua zake zikielekea kwake zilikuwa fupi, zikielekea kwa jirani zilikuwa ndefu. Upande wa kule chini, ambako hapakuwa na ua, alikwishamega bustani ya mjane mmoja mpaka mjane akawa anaanika nguo barabarani. Kwa Shangazi hakuweza. Hatua ndefu haivuki miiba.

Tangazo lilipotoka, Mzee Hatua alionekana anachonga vigingi.

"Shemeji," alimwita Shangazi kutoka ng'ambo ya ua, "ukishang'olewa tutapima upya, ili tusije tukagombana."

"Hatujagombana bado?" Shangazi akamjibu. "Basi mimi nilikuwa nagombana peke yangu miaka yote hii."

Jioni ile Bi Kutu aliporudi, Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua maharage. Hakuinua macho.

"Ni wewe uliyesema?"

"Ni mimi, Shangazi."

"Kama ni kweli, wang'oe. Siwezi kukumbatia miiba yangu watoto wa watu wakilala njaa. Lakini ni kweli?"

"Nimejaribu mwenyewe. Ni kweli."

"Haya." Akatupa harage bovu. "Hilo koti lako lioshwe. Mikono imekuwa myekundu utadhani umetoka kuchinja."

Bi Kutu akavua koti lake jeupe la kazini akalitazama. Mikono, kuanzia kiwiko hadi kwenye vifungo, ilikuwa na vumbi jekundu. Lilikuwa vumbi la siku hiyo, maana asubuhi alipita shambani kukagua ngano. Akalitumbukiza kwenye beseni, maji yakageuka rangi. Akasugua. Mara mikono yake ikasimama majini.

Alikumbuka kwamba siku ya kupaka ile miche, asubuhi yake alitoka shambani pia, na koti ni hilohilo. Aliingia banda la vioo, akainama juu ya miche akiwa ameshika brashi, na mkono wa koti ukawa unaburuzika juu ya majani machanga mmoja baada ya mwingine, huku yeye macho yote yako kwenye ncha ya brashi. Na ile miche ya kona, iliyobaki kijani, ni kwa sababu alijikataza kuisogelea. Mkono wa koti haukufika kule.

Hakungoja koti likauke. Asubuhi alikuwa bandani kabla ya mlinzi kumaliza mswaki. Aliitazama ile miche upya. Malengelenge hayakuwa katikati ya jani alikopaka kwa brashi. Yalikuwa kwenye ncha, upande wa kuume tu, mstari mmoja kama mtu aliyepita na ufagio. Alirudi nyumbani akaenda moja kwa moja kwenye ua, akapekua matawi, akachomwa akapekua tena. Palipokuwa na vikombe, vijitawi vilikuwa vimesongamana na kuota kwa fujo, kama vifagio vidogo vimefungwa humo. Kutu ya ngano haina tabia hiyo. Ikifika kwenye mwiba huacha madoa kwenye jani na kuondoka, haikai mpaka ikaharibu kitawi. Na chini ya ua, kwenye nyasi mwitu zilizojificha kivulini, akakuta malengelenge ya kahawia, madogo, nadhifu.

"Unatafuta nini humo, mwanangu?" Shangazi akauliza kutoka mlangoni.

"Natafuta kama nilisema uongo."

"Umepata?"

"Nadhani nimepata."

"Kudhani ni kitu kidogo mbele ya trekta," Shangazi akasema.

Mkuu alimsikiliza Bi Kutu akiwa amesimama, ameegemea dirisha. Alipomaliza, akakaa chini.

"Unaniambia kwamba ulikosea."

"Jaribio langu ni bovu. Kutu iliyotoka kwenye miche ni ya ngano kweli, lakini niliileta mwenyewe na mkono wa koti. Ya ua sijui bado ni ipi. Nadhani ni ya nyasi mwitu."

"Unadhani. Na tangazo limeshasomwa kila mahali. Maji yakimwagika hayazoleki, mama."

"Haya bado yako ndooni, Mkuu. Trekta halijatoka."

"Na kama kosa ni hili la leo, siyo lile la kwanza? Tukiziacha nyua, na kumbe ndizo, mwakani watu wavune makapi tena? Utakwenda kuwaeleza habari za mkono wa koti?"

Hapo, aliniambia Bi Kutu, Mkuu hakuwa anasema upuuzi. Lakini akajibu, "Nitawaeleza. Ila leo siwezi kusema nisilojua kama ni kweli. Nipe muda nirudie."

"Muda sina. Kesho utakwenda kufunga vitambaa. Ua wa shangazi yako uwe wa kwanza, watu waone kwamba hatupendelei."

"Sifungi."

"Unasemaje?"

"Ua wa Shangazi sifungi, na wa mtu mwingine sifungi. Desturi inasema afunge aliyeona. Mimi niliyeona nasema sijaona."

Mkuu akanyoosha kiganja. Bi Kutu akaelewa. Akafungua mkoba, akatoa funguo za chumba cha mwisho wa korido, akaziweka kwenye kile kiganja. Aliziweka taratibu, kama mtu anayemkabidhi mwenzake mtoto aliyelala.

"Nitaita mtaalamu mwingine," Mkuu akasema.

"Muite. Akija mkaribishe chai, na mwambie akunje mikono ya koti."

Mtaalamu mwingine aliyeweza kufunga kitambaa, nchi nzima ile, alikuwa mmoja tu. Ni yule aliyemfundisha Bi Kutu, mzee mstaafu aliyeitwa Babu Lenzi kwa kioo cha kukuzia alichoning'iniza shingoni hata akienda msalani. Alikuwa mbali, alikuwa na miguu mibovu, na alikuwa hapandi gari mpaka dua zote ziishe. Mkuu akalazimika kungoja. Na kungoja ndiko alikokutaka Bi Kutu.

Alianza siku hiyohiyo. Mbegu safi za ngano akaomba kwa wenzake wa ghalani, wakampa huku wakitazama pembeni. Mbegu za zile nyasi mwitu akazikusanya mwenyewe. Akatwaa chumba cha Shangazi, kwa kuwa dirisha lake ndilo lililofungika vizuri, akaosha sakafu, akaosha kuta, akajiosha mwenyewe, akaotesha miche ndani ya makopo. Ilipofika kimo cha kidole, akapaka vumbi la ua kwenye kopo la ngano na kopo la nyasi. Safari hii alivaa gauni lililotoka kwenye kamba ya nguo dakika ileile, mikono mitupu mpaka mabegani. Akafunika makopo kwa mitungi ya kioo iliyowahi kuwekwa asali.

Kisha akamwita Shangazi, akasimama naye uani, mbali na mlango.

"Kuna kopo la tatu. Hili ni ngano ileile, lakini nimelipaka kutu ya shambani, makusudi. Ni ili asije mtu akasema mbegu yangu ni ngumu, haishikwi na ugonjwa. Hili likae kule kwenye banda la mizinga, na mimi silisogelei. Wewe ndiye mwuguzi wake. Na wewe chumbani huingii."

"Chumbani kwangu?"

"Chumbani kwako."

"Mto wangu umo humo."

"Nitakutupia kupitia dirishani."

"Nimelea mtu akanifukuza kitandani mwangu kwa ajili ya nyasi," Shangazi akasema, akaenda kulala sebuleni, na tangu siku hiyo kila mgeni aliambiwa kwamba ndani kuna mwari haonwi.

Siku hizo Bi Kutu hakuwa na chumba wala hadubini, na kazini alipangiwa kufagia viwanja. Wenzake walimpita kama anayenuka. Wakulima wawili watatu walimwita msaliti mbele ya duka, kwamba anakinga ua wa nyumbani kwake. Yeye aliwajibu, "Njooni mtazame," na hawakuja. Basi akawa anafagia na kutazama. Mtu aliyezoea kutazama majani humnyang'anyi macho kwa kumnyang'anya funguo. Aliyoyaona nyuma ya ukuta wa kituo nitayasema mahali pake.

Dereva wa trekta alipita kila siku, akisimama kwenye ua bila kuzima injini.

"Dada, kitambaa bado?"

"Bado."

"Mimi nimelipwa nimekaa. Endelea kukataa tu, Mungu akubariki."

Kopo la banda la mizinga ndilo lililotangulia kuumwa. Shangazi alitangaza toka mbali kwamba mgonjwa wake ametoka upele mwekundu na anaendelea vizuri. Siku chache baadaye, chumbani, nyasi mwitu zikapasuka malengelenge ya kahawia, jani baada ya jani. Ngano ilikuwa kijani tupu. Bi Kutu aliimba siku hiyo, na haimbi vizuri.

Asubuhi iliyofuata, kwenye jani moja la ngano, akakuta doa.

Lilikuwa doa la manjano, dogo kama ncha ya sindano, na jingine karibu yake. Alikaa sakafuni. Ndivyo kutu inavyoanza, kwa doa kama hilo. Kama lingefumuka kesho au keshokutwa na kutoa vumbi jekundu, basi ua ulikuwa na hatia tangu mwanzo, na yeye alikuwa amewachelewesha wakulima wote kwa ajili ya miiba ya shangazi yake, kama walivyosema.

Dereva alikuwa ameshuka kuomba maji, akachungulia dirishani, akaelezwa habari ya doa. "Jani lenyewe ni moja," akasema kwa sauti ya chini. "Kulinyofoa ni sekunde. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe hutamwambia mtu."

"Sasa nitakuwa nimekataa kufunga kitambaa kwa sababu gani? Kama ningetaka kudanganya ningedanganya kule kule kwa Mkuu, nikabaki na funguo zangu."

Dereva akanywa maji, akafuta mdomo. "Ninyi watu wa hadubini mnaishi kwa taabu," akasema.

Babu Lenzi akafika kesho yake, ameshikwa mkono na Mkuu upande mmoja na fimbo upande wa pili. Mzee Hatua naye alikuwa amefika, na vigingi vyake kwapani, amevaa kama wa harusini. Shangazi aliwapa wote viti isipokuwa huyo wa vigingi.

"Nimesimama sawa tu, shemeji," akasema Mzee Hatua.

"Najua. Miguu yako ina mazoezi."

Bi Kutu hakuanza na zile nyasi. Alileta kopo la ngano, akalitua mbele ya mwalimu wake, akamwonyesha kwa ncha ya sindano. "Babu, anza na hapa. Hapa pana madoa."

Mkuu akavuta pumzi. Babu Lenzi akainamisha uso mpaka pua ikagusa jani, akiwa na kioo jichoni. Alikaa hivyo kwa muda ambao kila mtu alisikia nyuki. Akageuza jani, akatazama mgongoni, akalipitisha kati ya vidole viwili, akavitazama vidole. Havikuwa na vumbi.

"Limeonekana lini?"

"Jana asubuhi."

"Na nyasi zilipasuka lini?"

"Juzi."

"Lete mgonjwa wa mizinga." Akaletewa, akalinganisha. "Huyu amepasuka zamani, naye alipakwa siku moja na hawa. Doa hili limechelewa, na limeshakauka katikati. Tazama, jani limekufa kidogo pale pale kulizunguka, kama mtu anayefunga mlango kwa kuti. Kutu imebisha hodi, ikakuta si nyumba yake, ikafia mlangoni." Akainua kichwa. "Lakini mimi ni mzee, nisiaminiwe kwa maneno. Tutangoja siku mbili tatu. Mkuu, kuna mahali pa kulala?"

Walingoja. Doa halikufumuka. Lilikauka likawa tundu dogo la kahawia, na ngano ikaendelea kuota kana kwamba haijatukanwa. Babu Lenzi akaenda kwenye ua, akashika kimoja cha vile vifagio vya vijitawi, akatikisa kichwa. "Ni ya nyasi," akamwambia Mkuu. "Haina ndugu hata mmoja katika ngano. Sifungi kitambaa." Kisha akamgeukia mwanafunzi wake, na wote wakadhani atamsifu. "Mikono ya koti hukunjwa kabla ya kuingia bandani. Nilikufundisha hilo siku ya kwanza."

"Ulinifundisha, Babu."

"Basi."

Mkuu alikuwa amesimama katikati ya kiwanja, mikono ikining'inia. "Kwa hiyo kutu ya ngano imetoka wapi?" akauliza, na sauti yake ndogo ilikuwa imechoka kweli. "Niwaambie nini watu?"

"Sijui ilikotoka mwanzo," Bi Kutu akasema. "Labda ililetwa na upepo. Ila najua inakolala. Twende."

Akachukua kile kitambaa chekundu kilichokuwa kimekunjwa kwenye kiti cha trekta tangu mwezi uliopita. Akatangulia. Wakamfuata, Babu Lenzi akiwa amepandishwa kwenye trekta, Mzee Hatua nyuma kabisa, kwa sababu hakutaka kupitwa na jambo. Wakafika kituoni. Hakuingia getini, akazunguka nyuma ya ukuta, kwenye mfereji na kile kipande cha shamba la kituo ambacho hakikulimwa tangu mavuno yaliyopita, kwa kuwa trekta lilipangiwa kwanza mashamba ya watu, kisha nyua zao. Nafaka zilizodondoka zilikuwa zimejiotea zenyewe, ngano ya wazimu, haina mstari, imefika kiunoni. Na mabua yake yote yalikuwa mekundu.

Bi Kutu alivunja bua moja akampa Babu Lenzi kule juu. Mzee akalitazama kidogo tu. "Hii ndiyo," akasema.

"Imekuwa ikila hapa msimu mzima wa kiangazi," Bi Kutu akasema, "ikingoja mashamba ya watu yaote. Nimeiona kwa macho yangu nilipokuwa nafagia. Na desturi inasema afunge aliyeona." Akaenda kwenye nguzo ya uzio wa kituo, akakizungusha kitambaa chekundu, akafunga fundo, akakaza kwa meno.

Dereva alikuwa anatazama mawingu kwa bidii.

Mkuu akaisogelea ile nguzo. Akashika ncha za kitambaa, na Bi Kutu akajua atakifungua, akasimama akimtazama usoni bila kuondoka. Mkuu akatia fundo la pili.

"Fundo moja upepo utalipeperusha," akasema. Halafu akamwambia dereva, "Washa."

Funguo Mkuu hakuzitoa mbele za watu. Zililetwa mchana na dereva, zimefungwa kwenye karatasi, hazina salamu. Bi Kutu akazipokea akaziweka mfukoni, naye hakuuliza salamu.

Kule nyumbani Mzee Hatua alisimama nje ya ua, anatafuta kwa macho vigingi vyake alivyoviegemeza ukutani mwa nyumba walipoondoka. Shangazi alikuwa ameshavichomeka bustanini, na maharage yameshaelekezwa kuvipanda.

"Shemeji, hivyo ni vigingi vyangu."

"Njoo uvichukue," Shangazi akasema. "Mlango wa uani uko palepale, ndani ya miiba."

Mzee akautazama ua kwa urefu wake wote, akaenda zake kwa hatua fupi.

Baada ya chakula mvua ikaanza, mvua ile ya mchana isiyo na haraka. Babu Lenzi alisinzia kwenye kiti, kioo kikipanda na kushuka kifuani. Shangazi akarudi chumbani mwake, akanusa, akalalamika kwamba mto una harufu ya ngano, na kabla hajamaliza malalamiko alikuwa anakoroma. Bi Kutu akachukua koti lake jeupe na mkasi wa kukatia masega. Akakata mkono wa kwanza juu ya kiwiko, akakata wa pili, akalijaribu. Lilikuwa baya sana. Akalitundika msumarini, akajinyoosha kwenye mkeka chini ya dirisha, penye yale makopo, funguo zikimchoma ubavuni. Alisema moyoni azitoe mfukoni, lakini usingizi ukamchukua kabla hajanyanyua mkono.